SENEMA YA MWANDISHI NA MANENO YA JADUONG'

(Hotuba ya mwanachama mmoja, mfanya kazi wa reli, mbele ya mkutano wa wafanya kazi, Kosele. Imepigwa chapa hapa kama alivyoiandika mwenyewe.)

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na ninyi nyote ndugu wafanya kazi,

Najua wengine wenu mmeacha meza zenu za soko, wengine mmeacha piki piki zenu kivulini, na walimu wameacha kusahihisha madaftari. Kwa hiyo sitawachosha. Nina habari moja ya senema, habari moja ya watu wa nchi yetu, na habari moja ya aibu yangu mwenyewe. Zote tatu ni habari moja, na mwisho nitawaomba jambo.

Hapa Kosele hapana reli. Mtoto wa hapa akitaka kuona gari moshi sharti afike Kisumu. Lakini nyumba nyingi za hapa zimekula chakula cha reli, maana baba au mjomba alikwenda huko kufanya kazi ya genge. Mimi ni mmoja wao. Nilisoma shule ya msingi ya misheni mpaka darasa la nane, karo ya kwenda mbele ikakosekana, nikashika njia ya Kisumu. Kazi yangu ni ya kutengeneza njia: mataruma, kokoto, na vyuma. Mimi si mtu wa vitabu. Mkisikia kosa katika maneno yangu, nisahihisheni baadaye chini ya mti, si sasa.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa tawi letu alileta senema katika kompyuta, akaionyesha juu ya shuka jeupe ukutani. Jina lake ni Reds, ndiyo kusema Wekundu. Ilitengenezwa mwaka 1981 na Warren Beatty, naye mwenyewe ndiye anayecheza kama mtu mkuu wa habari hiyo. Ni ndefu, yapita saa tatu. Wengine walisinzia. Mimi sikusinzia.

Senema hiyo ni habari ya mtu aliyeishi kweli. Jina lake John Reed, Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1887 katika nyumba ya watu wenye mali, akasoma katika chuo kikuu cha Harvard. Alikuwa mwandishi wa magazeti. Angeweza kukaa vizuri na kuandika habari za karamu. Lakini mwaka 1913 alikwenda mji wa Paterson kuandika habari za mgomo wa wafanya kazi wa viwanda vya hariri, polisi wakamkamata wakamtia ndani pamoja na wagomaji. Mtu akilala sakafu moja na wagomaji, kalamu yake haitoki humo kama ilivyoingia. Mwaka 1917 alifika Urusi, akaona kwa macho yake Mapinduzi ya mwezi wa Oktoba, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1919 na kusomwa dunia nzima. Mwaka 1920 alikufa huko Moscow kwa homa ya tifasi, hajatimiza miaka 33, akazikwa penye ukuta wa Kremlin.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa reli, nilitazama sana magari moshi. Yako mengi katika senema ile. Yuko pia mke wa Reed, Louise Bryant, naye mwandishi, anayemsubiri mumewe stesheni, watu wanashuka na yeye hamwoni. Akina mama walionyamaza katika chumba chetu wakati huo ndio hao wanaojua kusubiri mtu anayefanya kazi mbali.

Lakini jambo lililonikamata ni jingine. Reed amekwisha kuwa mtu wa chama. Anapelekwa Baku kwenye mkutano mkubwa wa watu wa mashariki, anasimama anahutubu kwa Kiingereza, na wakalimani wanageuza maneno yake katika lugha nyingi. Watu wanapiga kelele za furaha. Baadaye, ndani ya gari moshi, anagundua kwamba maneno yake yamegeuzwa. Yeye alisema vita vya matabaka, ndiyo kusema wanyonge dhidi ya wanaowanyonya. Wakalimani wamesema vita vitakatifu, vita vya dini. Anamwuliza mkubwa wake, Zinoviev: Nani aliyegeuza maneno yangu? Zinoviev hasumbuki. Yeye aona ni sawa, maana ndivyo watu walivyotaka kusikia. Reed anakasirika kabisa. Anasema kwa ukali kwamba mtu asiandike upya alichoandika yeye.

Hivyo ndivyo senema inavyoonyesha. Nami nawaongezea jambo ambalo senema haikufika, nalo ni la kweli. Zinoviev huyo, mwaka 1936, alishtakiwa na serikali ile ile aliyosaidia kuisimamisha. Alisimamishwa mahakamani aseme maneno aliyopangiwa na wengine, kisha akapigwa risasi. Chama kikizoea kugeuza maneno ya mtu mdogo, siku moja kitageuza ya mkubwa pia.

Senema ilipokwisha, mama mmoja wa tawi letu aliuliza: Huyo ni Mmarekani katika mambo ya Warusi. Je, sisi hatukuwa na mwandishi wetu wa namna hiyo? Watu wakatazamana. Vijana hawakujua. Mzee mmoja akasema, tulikuwa nao, nanyi mnapita juu ya habari zao kila siku. Basi nilikwenda kuuliza na kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mwaka 1949 Makhan Singh na Fred Kubai waliunda chama cha umoja wa vyama vya wafanya kazi wa Afrika ya Mashariki. Makhan Singh alikuwa mtu wa kiwanda cha chapa. Babaye alikuwa na mashini ya kupigia chapa Nairobi, na mtoto aliitumia kwa kazi ya wafanya kazi. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alisimama akataka uhuru wa nchi hizi sasa hivi, wakati ambapo wengi waliogopa hata kunong'ona. Mwezi uliofuata yeye na Kubai walikamatwa, wafanya kazi wakagoma. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Miaka kumi na moja na zaidi kwa maneno yale.

Walipokwisha kukamatwa hao, kazi ya chama ilihitaji mikono. Mmoja wa waliojitolea alikuwa kijana Mgoa, Pio Gama Pinto. Huyo ndiye nataka mmjue.

Pinto alizaliwa Nairobi tarehe 31 Machi 1927. Alipelekwa India kusoma, akafanya kazi ya posta na simu mjini Bombay, na huko akaingia katika mgomo na katika siasa ya kuwapinga Wareno waliotawala Goa. Alirudi Kenya mwaka 1949. Akaandika katika magazeti ya Nairobi, akawa mhariri wa Daily Chronicle. Angeweza kuishi kama Wahindi wengine wenye elimu, karani mwenye tai, asiyeulizwa na polisi. Serikali ya kikoloni ilikwisha pangia kila rangi mshahara wake, na wake haukuwa wa chini kabisa. Yeye hakukaa penye ngazi aliyopewa.

Vita vya Mau Mau vilipokuja, alitafuta mawakili wa kuwatetea waliokamatwa, na alikusanya habari za mateso akazipeleka nje, hata kwa wajumbe wa bunge la Uingereza. Mwaka 1954, miezi mitano tu baada ya kuoa, alikamatwa. Akawekwa kisiwani Manda, karibu na Lamu. Mwaka 1958 akahamishiwa Kabarnet, hakuachiliwa mpaka Oktoba 1959. Bwana arusi wa miezi mitano alirudi nyumbani baada ya miaka mitano.

Huko Manda alikuwako pia mtu wa Nyanza, Achieng Oneko, mzaliwa wa Uyoma. Huyu naye alikuwa mwandishi, mhariri wa gazeti la Kijaluo lililoitwa Ramogi. Ni mmoja wa wale sita wa Kapenguria. Alikata rufani akashinda, na hata hivyo hakupewa ruhusa ya kwenda kwake. Aliwekwa kizuizini mpaka mwaka 1961. Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Habari, akajiuzulu mwaka 1966, na mwaka 1969 serikali ya nchi yake mwenyewe ikamweka kizuizini tena mpaka 1975. Basi yule mama aliyeuliza kama tulikuwa na waandishi wa namna hiyo, jibu ni hili: mmoja alitoka ng'ambo ya ghuba tu, na magazeti yake yalisomwa katika nyumba za babu zetu.

Sasa sikilizeni kazi aliyoifanya Pinto alipotoka. Mwaka 1960 alianzisha gazeti la KANU. Kisha, pamoja na Jaramogi Oginga Odinga, alijenga kampuni ya magazeti iliyoitwa Pan African Press. Ilitoa Pan Africa kwa Kiingereza, Sauti ya Mwafrika kwa Kiswahili, na Nyanza Times kwa Kijaluo. Tazameni jambo hilo vizuri. Mgoa, mtoto wa Nairobi, anasimamia gazeti linalomfikia mama wa Kasipul katika lugha ya mama huyo. Hakusema: hawa wasome Kiingereza kwanza, ndipo tuseme nao. Wala hakusema: nitawaambia Wajaluo kitu kimoja na Waingereza kitu kingine. Nadhani hapo ndipo alipompita hata mtu wa senema. Reed alilia kwa kuwa neno lake lilipotea njiani kati ya lugha na lugha. Pinto alijenga njia yenyewe.

Julai 1964 aliwekwa katika Bunge. Katika mwaka huo huo alisaidia kuanzisha chuo cha Lumumba cha kufundisha viongozi wa chama. Tarehe 24 Februari 1965, asubuhi, alikuwa katika gari lake nyumbani kwake Westlands, akitaka kutoka, mtoto wake mdogo wa kike yumo garini. Akapigwa risasi akafa. Alikuwa na miaka 37. Kijana mmoja alihukumiwa kwa kesi hiyo, akakaa gerezani mpaka mwaka 2000, na miaka yote hiyo alisema hakuua. Walioagiza mauaji hawakusimamishwa mbele ya mahakama. Mwezi wa Septemba 1965 mkewe aliitwa mpaka Chile kupokea tuzo ya chama cha waandishi wa magazeti wa dunia, waliyompa marehemu kwa kalamu yake. Alizikwa Nairobi, City Park. Marekani wamemtengenezea mtu wao senema ya zaidi ya saa tatu. Wetu, wengi wenu mmelisikia jina lake leo kwa mara ya kwanza.

Ndugu zangu, sasa nafika kwenye aibu yangu.

Miaka sita iliyopita genge letu liliwekwa chini ya kampuni moja ya kandarasi. Jina lake silitaji hapa. Tulifanya kazi Jumapili kumi na moja mfululizo. Nyapara alituahidi malipo ya ziada. Malipo hayakuja. Siku moja wakubwa wa kampuni walikuja na gari kutazama njia, wakasema wazee waseme shida zao, na kwa kuwa mimi nina Kiingereza kidogo cha misheni, niliitwa niwe mkalimani.

Jaduong' mmoja alisimama, mkubwa wetu kwa umri, mikono yake imekwisha kwa chuma. Akasema kwa Kijaluo maneno haya: "Hatukuja kuomba. Jumapili kumi na moja ni zetu, tulizifanya, na mnazo. Tuambieni siku ya kulipa, na mwandike chini hiyo siku." Basi. Hakuongeza neno.

Nami nikawageukia wale wakubwa. Nikawaangalia viatu vyao. Nikasema kwa Kiingereza: Wazee wanashukuru sana kwa kazi, na wanaomba kwa heshima, mkipata nafasi, mfikirie habari ya Jumapili.

Wakatabasamu. Wakasema watafikiri. Mpaka leo wanafikiri.

Jaduong' aliniuliza, wamesemaje? Nikamwambia, wamesema watafikiri. Akanitazama muda mrefu. Yeye hajui Kiingereza, lakini anajua uso wa mtu aliyeulizwa kwa ukali na uso wa mtu aliyeombwa. Aliona kwamba wale watu walitabasamu. Akasema tu, "Nilichowaambia si cha kuchekelewa," akarudi kushika sururu. Hakuniuliza tena.

Sikufanya hivyo kwa kupewa fedha. Nilifanya kwa hofu, na hofu yangu niliivika nguo ya adabu. Nilijiambia namsaidia mzee, maana maneno makali yataharibu. Nadhani Zinoviev pia alijiambia anamsaidia Reed. Kila anayegeuza neno la mtu mwingine hujiona anasaidia. Lakini nilichukua deni nikaligeuza kuwa ombi. Deni lina siku ya kulipwa. Ombi halina siku. Hiyo ndiyo hasara niliyowatia watu kumi na wanne kwa sentensi moja.

Wengine watasema, wewe ulikuwa kijana wa kazi tu, si mwandishi wa magazeti. Ni kweli. Lakini kila anayesimama kati ya mfanya kazi na mkubwa, amebeba maneno mkononi, ndiye mwandishi wa siku hiyo: karani wa tawi anayeandika maazimio, mwakilishi anayeingia ofisini peke yake, mwalimu anayemwandikia jirani barua, kijana anayegeuza Kijaluo kuwa Kiswahili. Pinto angeweza kulainisha habari za kambi kabla ya kuzipeleka nje, apate usingizi. Alizipeleka jinsi zilivyo, na alilipa miaka mitano, na baadaye akalipa roho. Mimi sikutakiwa kulipa miaka mitano. Labda ningalilipa kibarua cha wiki moja. Nacho nilikiogopa.

Siwaambii mfuate siasa ya Reed. Mapinduzi yale aliyoyapenda yalikula watu wengi, pamoja na waliokuwa mstari wa mbele. Na katika senema yenyewe mtaona jinsi wenzake wa Marekani, mwaka 1919, walivyogawanyika katika vyama viwili, kila kimoja kikisema ndicho halali, huku wafanya kazi waliokuwa wakizungumzwa hawamo chumbani. Sisi pia tunaijua tabia hiyo katika vyama vyetu. Sina haja ya kuieleza. Ninachowaambia ni kwamba mtu huyo, pamoja na ndoto zake zote, alijua neno la mtu ni mali yake. Hilo tulichukue.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa mkutano huu.

La kwanza, malalamiko ya mwanachama yakiletwa kwa Kijaluo, yaandikwe kwanza kwa Kijaluo, neno kwa neno, kisha tafsiri iandikwe chini yake. Wote wawili, msemaji na mkalimani, watie sahihi, au dole gumba. Asomewe tena msemaji mbele ya shahidi kabla karatasi haijaondoka.

La pili, gazeti letu hili la karatasi lisife. Nimesikia katika kamati kwamba halina haja, maana kila mtu ana simu. Simu ni nzuri. Lakini maneno ya simu husogea, hufutwa, na mwenye simu akiibiwa yamekwenda naye. Karatasi iliyopigwa chapa ikikaa katika sanduku la mama yako, itatoka siku ya kesi. Fedha ya wino na karatasi kwa mwezi ni kidogo kuliko soda za mkutano mmoja. Na barua za wanachama ndani yake zisipunguzwe makali bila mwenyewe kuulizwa.

La tatu ni hili. Jaduong' huyo ni mtu wa hapa. Alistaafu, na amekaa mstari wa pili, amevaa kofia ya kahawia. Sikumwambia kwamba nitasema haya leo. Nilimwomba tu aje.

Baba, nilikukosea. Maneno yako hayakufika. Nimeyaandika sasa kama ulivyoyasema, kwa Kijaluo juu na kwa Kiswahili chini, na Kiingereza ambacho ningalikisema siku ile. Karatasi iko hapa mezani kwa Mwenyekiti. Naomba usomewe, na kama neno moja si lako, tulifute. Mtu wa sheria wa chama ameniambia kwamba muda uliopita ni mrefu na huenda kesi ikawa ngumu. Sitaki kukudanganya mara ya pili. Lakini barua itakwenda, nami nitaipeleka kwa miguu yangu, na jina langu litakuwa chini yake, kwamba mimi ndiye mkalimani wa siku ile na nilitafsiri vibaya.

Wale wengine wa genge letu mlio hapa au mnaowajua, msiondoke kabla hatujaonana. Leteni hati za malipo kama mnazo. Kuna mmoja aliyekuwa akiandika siku zetu katika daftari ya mtoto wa shule, mistari midogo midogo, kila Jumapili mstari. Daftari hiyo ikipatikana, itasema kuliko mimi.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Umoja ni nguvu, lakini umoja wa watu ambao maneno yao yamegeuzwa ni kelele tu.